Upasuaji wa kifua Bangkok na kupona kwangu Unguja

Tathmini hii nawaandikia wenzangu wa visiwani na mwambao ambao, kama mimi, walizaliwa wakahesabiwa wanawake huku wenyewe wakijijua kuwa ni wanamme, na sasa wanafikiria upasuaji wa kuondoa matiti na kutengeneza kifua cha kiume. Nilihudumiwa na kliniki moja ya Bangkok, nchini Thailand, ambayo siitaji jina kwa kuwa nina malalamiko juu yake, kisha nikarudi kuuguzwa nyumbani, hapa Unguja. Mkono wa daktari aliyenipasua sina la kuusema ila sifa. Hata hivyo, mtu anayetoka Zanzibar asiichague kliniki kwa picha za vifua inazoonyesha. Aichague kwa namna inavyomshughulikia mgonjwa akishavuka bahari kurudi kwao.

Kabla ya safari nilikuwa na hofu nyingi, na ya kwanza ilikuwa ya nusu kaputi, kwa sababu kwetu kila mtu anamjua mtu aliyelazwa asiamke. Iliyonisaidia ni kuulizwa maswali mengi na daktari wa usingizi: maradhi ya ukoo, pumu, dawa ninazotumia, vipimo vya damu na vya moyo. Niliamrishwa kuacha sigara wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji, na nikaelezwa sababu yake: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu zinazokatwa na kupandikizwa upya zikikosa damu hufa. Aspirini niliachishwa, na hata mafuta ya habasoda na dawa nyingine za miti shamba, kwani baadhi yake huzidisha kutoka damu. Nilipoona wanajali mambo madogo kama hayo, hofu ilipungua yenyewe.

Hofu ya makovu ilikuwa na msingi zaidi. Katika ukoo wetu yupo aliyetogwa sikio likaota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa kidonda, ya ukubwa wa kungu, na inajulikana kwamba watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu ya aina hiyo zaidi, hasa kifuani na mabegani. Daktari alilitazama kovu langu la chanjo ya kifua kikuu (BCG) begani, akaligusa, akaniambia kuwa halikuvuka mpaka wake na hiyo ni dalili njema, ila hawezi kuniahidi kitu. Nilimwamini zaidi kwa kutoniahidi. Alinieleza kuwa kovu likianza kunyanyuka ipo silikoni ya kupaka au ya kubandika, na likizidi zipo sindano za steroidi zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe.

Kuhusu kuandikwa mwendawazimu, niliogopa barua ya daktari wa akili niliyotakiwa kuwa nayo kabla ya upasuaji kuliko kisu. Nikasoma kwamba katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hii ya mtu kujijua kuwa na jinsia tofauti na aliyohesabiwa nayo imeondolewa katika sura ya maradhi ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya kujamiiana. Mazungumzo yenyewe na daktari wa akili yalikuwa ya utulivu. Daktari alitaka kujua kama naelewa ninachokiomba, nani atanihudumia nikirudi, na kama nimekubali kuwa tendo hili halirudi nyuma. Kuhusu majuto, upo uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 27 za watu karibu 8,000, na waliojuta walikuwa kiasi cha asilimia 1. Wapo wanaoukosoa kwa kuwa katika tafiti nyingi wagonjwa wengine hawakufuatiliwa muda mrefu, nami naona hoja yao ina uzito. Nilijiuliza swali dogo zaidi: je, katika miaka yote ya kujifunga kitambaa kifuani nikiwa sipumui vizuri, ilikuwepo siku hata moja ambayo nilitamani kukifungua nikatoka nje bila ya aibu? Haikuwepo.

La dini nitalipitisha haraka. Najua kuwa Iran, tangu fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980, upasuaji wa kubadili jinsia unaruhusiwa, na najua pia kuwa sisi si wafuasi wa madhehebu ya Shia yanayofuatwa huko na kwamba masheikhe wetu wengi hawakubali. Sikuzunguka kutafuta fatwa ya kunipendeza. Hilo ni baina yangu na Mola wangu, na anayesoma hapa atafanya hesabu yake mwenyewe.

Upasuaji ulichukua saa chache. Nilizinduka nikiwa na mirija miwili, mmoja kila upande, inayotoa damu na majimaji kwenye vichupa ambavyo muuguzi alivipima kila siku, na mirija ilitolewa yalipopungua. Maumivu hayakuwa makubwa kama nilivyodhani. Yalikuwa ni kubanwa zaidi kuliko kuchomwa. Kilichonitesa ni kulala chali usiku mzima, na choo kilichokuwa kigumu kwa sababu ya dawa kali za maumivu, jambo ambalo nilitamani wangeniambia mapema ili nibebe ukwaju wangu. Vifuniko vya chuchu vilipofunguliwa niliona rangi nyeusi na magamba, nikadhani zimekufa. Muuguzi alicheka kwa upole, akanieleza kuwa gamba litabanduka na ngozi mpya ipo chini yake, na ndivyo ilivyokuwa.

Safari ya kurudi kupitia Addis Ababa ni ndefu, na baada ya upasuaji damu huweza kuganda miguuni. Nilivaa soksi za kubana, nikanywa maji mengi, nikasimama na kutembea ndani ya ndege kila nilipoweza. Mizigo aliibeba mwenzangu, maana kunyanyua kitu kizito wala kuinua mikono juu ya mabega hairuhusiwi kwa wiki kadhaa.

Katazo hilo la mikono, kwa Mzanzibari, linagusa mambo ambayo karatasi za kliniki haziyajui. Kanzu huvaliwa kwa kuingizwa kichwani, kwa hiyo kanzu zote zilikaa sandukuni nami nikaishi na mashati ya vifungo ya mitumba kutoka Darajani. Sala niliisali nimekaa kitini, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa, na udhu nikauchanganya na kupaka juu ya bandeji na kutayamamu. Mama mdogo, ambaye ndiye pekee wa nyumbani aliyejua kila kitu, alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza, akanizuia kutazama kidonda kila mara. “Mwanangu, jaraha halichokorwi,” alikuwa akisema, na karatasi ya kliniki ilisema hayo hayo kwa Kiingereza kirefu. Tulipishana mara moja tu, alipokuja na kichupa cha mafuta ya habasoda kupaka kwenye mshono. Tulikubaliana mafuta yasubiri mpaka ngozi ifunge kabisa. Majirani waliambiwa nimefanyiwa operesheni ya kifua, nao wakaleta matunda bila ya kuuliza zaidi.

Sasa malalamiko. Bei niliyopewa haikuhusisha uchunguzi wa maabara wa nyama iliyoondolewa wala fulana ya pili ya kubana, na fulana moja haitoshi, kwani huvaliwa mchana na usiku na katika joto la kaskazi hulowa jasho kabla ya adhuhuri. Ile niliyopewa ni nyeusi, nzito, ina zipu mbele, na ilinipa vipele mpaka nilipovaa singlendi nyembamba ya pamba chini yake. Kubwa zaidi, nilipokuwa tayari nyumbani, upande wa kushoto ulijaa maji chini ya ngozi, nikatuma picha jioni. Bangkok wametutangulia saa nne; walikuwa wamelala, na jibu lilikuja siku ya pili. Daktari binafsi wa mjini aliyekubali kunitazama alisita mpaka nilipomwonyesha ripoti ya upasuaji, ndipo akayavuta maji kwa sindano na kunifunga vizuri. Ripoti hiyo kliniki haikunipa kwa hiari yake. Niliiomba mwenyewe nikiwa kwenye mapokezi, siku ya kuondoka. Asiondoke mtu bila ya karatasi hiyo, cheti cha dawa zote alizobeba, na namba ya simu inayopokewa usiku wa huko.

Wiki za mwanzo nyumbani nilipatwa na huzuni isiyo na sababu, nikalia hata kwa chakula kilichopoa. Iliondoka kadiri usingizi na nguvu viliporudi. Kuhusu makovu, vipande vya silikoni vya kubandika havifai kwa hewa yetu, jasho huvibandua. Silikoni ya kupaka ya kwenye bomba ilinifaa zaidi, nikianza baada ya kidonda kufunga. Jua nalikinga kwa shati, kwa kuwa kovu jipya likipigwa na jua hubadilika rangi. Ncha ya kovu upande wa kwapa la kulia imenyanyuka na huwasha, na huenda nikahitaji sindano. Sehemu kubwa ya kifua bado ina ganzi.

Kliniki ningeipa nyota nne kati ya tano kwa chumba cha upasuaji na mbili kwa ufuatiliaji. Aliye na mtu wa kumhudumia nyumbani na daktari wa karibu aliyekubali mapema kumtazama, nampendekezea bila ya kusita. Aliye peke yake, au anayetakiwa arudi kwenye kazi ya kubeba mizigo mara tu baada ya kushuka kwenye ndege, ningemshauri aahirishe mpaka apate wa kumhudumia na muda wa kupumzika.