Macho ya chambo cha manyoya: uzoefu wangu na ya dukani na ya mnyororo wa sinki

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifunga mwenyewe chambo cha manyoya, yaani ndoana iliyovishwa uzi, singa za mbuzi na manyoya ya jogoo hadi ifanane na dagaa, nikikitumia kuvulia migebuka na kuhe, samaki wawindaji wa Ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Kigoma. Mkia na mwili nilivimudu mapema. Macho ndiyo yaliyonihangaisha, na ndiyo yaliyonifanya niagize kutoka Dar es Salaam pakiti mbili, ya macho ya kubandika na ya macho ya risasi, kila moja kwa shilingi 12,000 bila kuhesabu gharama ya kusafirisha kwa basi.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu mno, na samaki anayewinda kwa kutazama hupata nafasi ya kukikagua chambo kabla ya kukivamia. Dagaa naye ana jicho kubwa likilinganishwa na kichwa chake, jeupe la kung'aa kama fedha, lenye mboni nyeusi katikati. Kwa hiyo jicho la chambo humpa mgebuka alama ya kulenga. Isitoshe, likiwa na uzito, huamua chambo kitazama kwa kasi gani na kitaelea kikiwa kimeinamia upande upi, jambo ambalo mimi nililigundua kwa kuchelewa.

Nianze na macho ya kubandika, kwa kuwa ndiyo yaliyonivutia kwa sura na kunikasirisha kwa matendo. Yalikuja katika karatasi moja, yamevimba kidogo kama tone la maji, mengine mekundu, mengine ya manjano, na machache tu ya rangi ya fedha niliyoihitaji. Gundi iliyopakwa nyuma yake haifai kutegemewa. Chambo cha kwanza kilipoteza jicho moja baada ya kurushwa mara nne, na mzee mmoja wa Kibirizi, aliyekuwa akishona wavu pembeni yangu, aliniuliza kwa upole kama samaki wa siku hizi wanapenda kula dagaa chongo. Dawa yake niliipata baadaye: kwanza unajenga kichwa cha uzi kilicho bapa pande zote mbili, kisha unaweka tone dogo la gundi kali, unabandika jicho, halafu unafunika kichwa kizima kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa, au kwa ile inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Anayetumia hii ya pili hahitaji kununua taa maalumu, kwani jua la Kigoma la saa sita mchana huigandisha vizuri. Macho yaliyofunikwa namna hiyo hayajanitoka hata moja, lakini ukijumlisha gundi na muda wa kungojea, bei ya pakiti si ile iliyoandikwa dukani.

Macho ya risasi ni vipira viwili vilivyounganishwa kwa shingo fupi. Umaarufu wake ulitokana na Mmarekani Bob Clouser, ambaye mwaka 1987 alianza kufunga chambo chake kinachojulikana kwa jina lake akitumia macho ya namna hii. Ujanja wake ni rahisi kuuelewa: vipira vikifungwa juu ya mgongo wa ndoana, uzito hukigeuza chambo, ncha ya ndoana ikatazama juu, na ndoana haikwami ovyo kwenye miamba, ambayo kandokando ya ziwa letu ni mingi. Kila unapovuta na kuachia mshipi, kichwa hutangulia kuzama na chambo huonekana kama dagaa aliyeumia. Kwa kuhe, anayekaa karibu na mwambao, sijapata kitu kilichofanya kazi vizuri zaidi ya hiki.

Hata hivyo nina malalamiko mawili. Pakiti haikuonyesha uzito wa jozi moja, na nilipopima kwenye mizani ya sonara nilikuta jozi zinazotofautiana, nyingi zikikaribia gramu moja, ambayo kwa ndoana ndogo ni nzito kupita kiasi na hukifanya chambo kirushwe kama jiwe. Pili, risasi ni sumu. Uingereza ilipiga marufuku vipande vingi vya risasi vya kuvulia mwaka huohuo wa 1987, baada ya mabata maji kufa kwa kuvimeza. Kwa sababu hiyo siikati kwa meno, sithubutu kuiyeyusha jikoni, na pakiti yangu naiweka mahali ambapo watoto hawafiki. Ya shaba ya manjano ni mepesi kuliko ya risasi kwa ukubwa uleule, nami ningeyachagua hayo kama yangekuwapo.

Kilichoniokoa ni mnyororo wa shanga za chuma, ule unaoshikilia kizibo cha sinki, nilioununua katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, mjini Kigoma. Unakata shanga mbili mbili kwa koleo, bila kuzitenganisha, na tayari una jozi ya macho yanayong'aa kama fedha. Huachwa nafasi ndogo nyuma ya tundu la ndoana, kisha jozi hufungwa kwa mizungusho ya mfano wa namba nane, uzi ukipita kwa mshazari kati ya shanga, mara kumi hivi kila upande, na mwishowe uzi huzungushwa chini ya shanga juu ya ndoana ili kukaza fundo zima. Tone la gundi humaliza kazi. Mboni naichora kwa rangi nyeusi ya kucha, nikitumia kichwa cha pini. Shanga hizi ziko wazi ndani, hivyo chambo huzama taratibu, jambo linalowafaa migebuka wanaopanda juu kufuata dagaa.

Niliwahi pia kuyeyusha kwa kiberiti ncha za mshipi mnene wa nailoni hadi zikawa vidonge vyeusi. Macho hayo hayana uzito wa kuhesabika na yanafaa kwa chambo cha mfano wa uduvi tu.

Sitaagiza tena ya kubandika. Ya risasi nitayamaliza yaliyobaki, kwa ndoana kubwa peke yake, na dukani nimeshaomba niwekewe mita mbili zaidi za mnyororo, ingawa muuzaji bado anaamini nyumbani kwangu kuna masinki mengi.