World War Z: waliosoma kitabu na walioanzia kibandani

Hapa Kampala, filamu ya World War Z (2013) ina watazamaji wa aina mbili, na hawapatani. Waliosoma riwaya ya Max Brooks ya 2006 hununa mapema. Kitabuni hakuna shujaa mmoja: ni mahojiano na manusura wa nchi mbalimbali, vita vikiwa vimekwisha, na mazombi hujikokota tu. Kwenye filamu Brad Pitt amebebeshwa kila kitu, na mazombi wanatimka kama boda boda zinazokwepa foleni. Wanalalamika kwamba limebaki jina tu, na sioni la kuwabishia.

Wa kibandani, yaani wanaotazamia kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu, hawana kinyongo hicho. Vijei, msimulizi wa filamu pale kibandani, anatafsiri kwa Kiganda, anatia chumvi yake, na mazombi wanapopandiana kuukwea ukuta wa Yerusalemu, benchi zima husimama. (Sisi wa Kiswahili tunanong'onezana: "Misukule hawa wana pumzi!") Mwisho wa kule maabara ya Wales, uliorekodiwa upya baada ya ule wa kwanza kutupwa, huwapoza wa kibandani; wasomaji ndio huusifia utulivu wake. Mimi kitabu nimekisoma, lakini kwa filamu hii niwekeeni nafasi kwenye benchi.