Miaka mitatu nikifundisha Kiingereza kwa tamthilia za runinga: niliyoyaona

Somo langu la kwanza la aina hii lilikuwa hasara tupu. Niliwawekea wanafunzi sehemu nzima ya Friends, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, dakika 22 hivi, nikakaa pembeni nikiamini masikio yao yatajifunza yenyewe. Walicheka sana. Ila walicheka pale hadhira ya studio ilipocheka, si pale mzaha ulipokuwa. Nilipozima na kuuliza nani ameokota neno jipya, kikapita kimya, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, yule tumbili amenifurahisha." Ni kweli, katika msimu wa kwanza tumbili yumo. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno ya siku ile.

Nilikaribia kuachana na mambo hayo. Halafu nikasikia kwamba RM wa BTS, kundi la muziki la Korea Kusini, amesimulia hadharani jinsi alivyojifunza Kiingereza kwa tamthilia hiyo hiyo. Habari yake huenezwa kana kwamba alijilaza kwenye kochi lugha ikamwingia. Kipande muhimu hurukwa: alitazama na maandishi ya lugha yake chini ya skrini, akarudia na maandishi ya Kiingereza, kisha akayaondoa kabisa. Kurudia ndiko kulikomfundisha. Mimi nilikuwa naonyesha mara moja na kungoja miujiza.

Siku hizi sionyeshi zaidi ya dakika tatu. Kwanza bila sauti: wanakisia nani kamkasirikia nani, na nani anadanganya. Pili sauti bila maandishi. Tatu maandishi ya Kiingereza, halafu tunayaondoa tena. Maandishi ya lugha yao siyaruhusu, hapo natofautiana na RM, kwa sababu jicho likishapata njia ya mkato sikio hulala, na mimi nina kipindi kimoja tu.

Kuna kipande cha sekunde tano ambacho hakinitoki kichwani. Mhusika anamjibu mwenzake ama kwamba anaweza kuja, ama kwamba hawezi. Nusu ya darasa ilisikia "I can come", nusu "I can't come", na kila upande ulikuwa tayari kuapa. Nilirudisha nyuma mara kumi na moja. Ile "t" waliyokuwa wakiiwinda haikusikika, maana Wamarekani wengi huimeza hapo. Binti mmoja wa kiti cha nyuma ndiye aliyeng'amua: tuache kusikiliza mwisho wa neno, tusikilize katikati. "Can" ya kukubali hupondwapondwa ikawa kama "kn", mtu anaipita mbio kwenda kwenye kitenzi. "Can't" hukaliwa, irabu yake inasikika wazi. Kitabu changu cha sarufi kina ukurasa mzima kuhusu neno hilo na jambo hili hakina. Anayetoka katika lugha inayoipa kila silabi haki yake angeisubiri ile "t" mpaka kesho. Kwa dakika hizo chache pekee, njia hii imenilipa.

Kwa wanaoanza kabisa siipendekezi, angalau si kwa tamthilia za maongezi. Watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walipochambua lugha ya vipindi vya runinga mwaka 2009, waliona kwamba mtazamaji anahitaji kama familia 3,000 za maneno (neno na minyumbuliko yake huhesabiwa familia moja) ili kufikia takriban asilimia 95 ya yanayosemwa. Mwanafunzi mwenye maneno mia tano unamtupa baharini. Hao ninawawekea Mr. Bean: sehemu 15 tu za miaka ya tisini, na mhusika mwenyewe karibu hasemi. Watu hudhani natania. Lakini kwa kuwa yeye hasemi, inabidi wao waseme: anafungua nini, amekificha wapi, kwa nini sasa anakimbia. Sijawahi kupata vitenzi vingi namna hiyo kutoka kwa watu wenye maneno machache namna hiyo. Nilijaribu pia Peppa Pig, katuni ya watoto wadogo, dakika tano, sentensi fupi, matamshi safi ya Uingereza. Ni nzuri sana, ila mwanafunzi mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole kama nimesahau umri wake, na sikuwa na jibu.

Kasoro zipo. Huduma ya kutazama ninayolipia kila mwezi huandika pungufu ya yanayosemwa. Maneno hukatwa ili msomaji awahi kusoma. Nilikasirika, kisha nikaligeuza kuwa zoezi: tafuteni kilichoachwa. Sasa wanaligombania. Tamthilia za zamani nazo hukuletea mizigo ya pembeni. Nilitumia robo ya kipindi kueleza mashine ya kupokea ujumbe wa simu, kifaa ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona, na bila hicho mkasa mzima hauna maana.

Kisha kuna kosa ambalo ni langu. Mwanafunzi wangu bora aliandika barua ya kuomba kazi yenye "I'm gonna be very useful", na "gonna" ni ya maongezi, si ya barua rasmi. Alikuwa ameisikia mara mia, na mimi ndiye niliyempongeza alipoitamka vizuri. Tangu hapo kila tunachokisikia tunakiandika mara mbili ubaoni, kama kinavyosemwa mezani na kama kinavyoandikwa ofisini. Ni kazi inayochosha, na usipoifanya tamthilia itakuharibia uandishi wa watu.

Jambo la mwisho kwa mwalimu anayetaka kujaribu: tazama kipande chote mwenyewe kabla, mpaka sekunde ya mwisho. Nilishawahi kuamini kwamba mazungumzo ya jikoni yataishia jikoni. Hayakuishia huko, na rimoti ilikuwa mbali. Sasa naandaa kila kitu usiku, daftari mapajani. Nyumbani wananilalamikia kwamba hakuna tena tamthilia inayotazamwa ikaisha. Kila mhusika akimeza neno, nasimamisha na kurudisha nyuma.