Kibaraza cha mbao Mtwara: ununue nini cha kupaka, na nini ukiache dukani

Mara ya kwanza nilipaka vanishi inayong'aa. Kibaraza changu cha mninga, mita 3 kwa 4, kilipendeza hadi wapita njia wakasimama kukitazama. Mvua za Desemba zilipoanza, vanishi ikapasuka kwenye maungio, maji yakapenya chini yake yakakosa pa kutokea, na kufikia Aprili ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki. Nilikaa siku nne nikikwangua kwa msasa. Ndiyo maana katika orodha hii nimeiweka vanishi chini, ingawa mara nyingi ndiyo ya kwanza kuletwa kaunta ukisema unataka kupaka mbao.

Namba moja ni mafuta ya mbao ya nje yenye rangi. Huingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu yake, kwa hiyo hayana cha kubanduka. Huisha taratibu, nawe unaongeza bila kukwangua. Usidharau neno "yenye rangi". Chembe za rangi ndizo zinazozuia jua, na mafuta yasiyo na rangi kabisa yataiacha mbao ikigeuka kijivu mapema. Chagua rangi ya udongo au kahawia, na usome kopo kuhakikisha limeandikwa kwamba ni la sakafu ya nje, siyo la samani za sebuleni. Bei yake inauma. Makopo mengi huandika kwamba lita moja hutosha mita za mraba 8 hadi 12 kwa kupaka mara moja, lakini mbao kavu iliyochakaa hunywa zaidi. Kwa kibaraza kama changu, kupaka mara mbili, nunua lita 3 usirudi dukani katikati ya kazi.

Namba mbili ni mafuta ya kitani, yaani linsidi. Nunua yale yaliyochemshwa. Mabichi huchukua siku nyingi kukauka na vumbi lote la upepo wa kusi hunasa humo. Kasoro yake kwa hali ya hewa yetu ni ukungu: kivulini, penye unyevu, huota madoa meusi. Na kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi. Kitambaa kilicholowa mafuta haya, kikikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto. Kianike kikiwa kimekunjuliwa, nje, mbali na nyumba, au kiloweke kwenye ndoo ya maji. Nakuomba sana uliwekee hili maanani, hasa kama una watoto na paa la makuti.

Namba tatu ni yetu wenyewe wa Kusini: mafuta ya ganda la korosho. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua yanavyounguza ngozi, na ukali huohuo ndio unaowakera mchwa. Kwa nguzo na boriti za chini, zile zinazokaribia udongo, nayathamini kuliko vingi vya kopo. Vaa glavu. Juu ya sakafu usiyapake: hunata muda mrefu, huacha weusi, na miguu ya watoto ndiyo itakayolipa.

Vanishi ya vyombo vya baharini inafaa mlango, au nguzo za roshani kama zilizoko kwenye nyumba za zamani za Mikindani, ambako hakuna anayekanyaga. Rangi ya mafuta ni hivyohivyo, ila inaficha uzuri wa mninga au mkongo uliolipia. Oili chafu ya gari iache gereji. Najua ni rahisi kupatikana na wengi huipaka nguzo za uzio, lakini sakafuni huchafua nguo, ina sumu, na baada yake hakuna mafuta wala rangi itakayoshika.

Kabla ya kopo lolote, nunua skrubu. Karibu na bahari misumari ya kawaida hula kutu na kuchora madoa meusi kwenye mbao. Chukua skrubu za stenlesi, na zikikushinda bei, misumari ya mabati. Chokoa kila ubao kwa bisibisi: ikizama kirahisi, ubao umeoza, ubadilishe, kwa sababu mafuta hayafufui mbao. Ukibadilisha kwa msonobari, chagua uliotiwa dawa. Acha mwanya wa unene wa msumari kati ya ubao na ubao ili maji yashuke, na ncha zilizokatwa uzipake mafuta hadi zikatae, kwani huko ndiko maji huingilia.

Wakati wake ni Juni hadi Septemba. Osha kwa sabuni na brashi ya kawaida, acha ikauke siku tatu za jua, piga msasa namba 80, paka asubuhi umande ukishakauka, kisha futa mafuta yaliyobaki juu baada ya robo saa. Yakiachwa yatanata.

Kila Oktoba mimi hudondosha maji sakafuni. Tone likisimama kama lulu, kibaraza kiko salama. Likinywewa papo hapo, nanunua lita nyingine kabla mawingu hayajaanza kukusanyika.