Rimoti ya treni bila waya: nilibonyeza stopu, treni ikaendelea

Nimekaa na hii hasira wiki kadhaa nikisema wacha ipoe ndio niandike, haijapoa. Kama uko na treni ndogo za umeme nyumbani na umeona hizi rimoti za bila waya zinavyosifiwa, nisikilize kabla hujatoa pesa.

Mimi mtu wa Voi, naishi Manchester. Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye zile Garratt za klasi 59, injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki, upande wa moto, safari za Mombasa na Nairobi, na hizo injini zote 34 zilitengenezwa hapa hapa Gorton kwa Beyer Peacock miaka ya hamsini, kiwanda kikafungwa 1966. Kwa hivyo hii si kitu nafanya kupoteza wakati. Klasi 59 ya saizi ya OO, kipimo cha hizi treni zangu ndogo, sikuipata dukani, nikanunua mfano wa Garratt ya LMS, kampuni ya reli ya zamani ya Uingereza, maana zile za kweli zilitoka kiwanda hicho hicho, nikaipaka rangi ya damu ya mzee kama zile zetu nikaibandika ubavuni jina Mount Gelai, ile iliyoko makumbusho ya reli Nairobi. Kile kibao cha jina nilikikata kwa wembe, herufi moja moja.

Jioni moja, ilikuwa karibu na Krismasi, niko bandani nyuma ya nyumba. Reli zangu zinazunguka ukutani pande zote na mlangoni kuna kipande kinachoinuka kwa bawaba, bila kukiinua huingii. Mke wangu akapiga hodi na chai, nikamwambia karibu, akainua. Treni ilikuwa upande wa pili na nafasi tele ya kusimama. Nikabonyeza stopu. Haikusimama. Nikaangalia rimoti, kwenye kioo alama ya mawimbi hakuna, inatafuta tu, inatafuta, nikabonyeza tena na tena na Mount Gelai inakuja na mabehewa yake kwa mwendo ule ule, hata haina habari. Mimi niko kona ya ndani kabisa, meza iko katikati. Mke wangu alinyoosha mkono mmoja, mwingine ana kikombe. Sauti ya ile injini ikigonga simiti ninayo masikioni mpaka leo. Tangi la mbele limepasuka, fito ya magurudumu imepinda kama ndoana, na kibao cha jina tulikiona siku ya pili, kimeingia chini ya ndoo.

Sasa elewa shida iko wapi maana watu wanachanganya. Dikoda, kile kisahani cha elektroniki ndani ya injini kinachopokea amri, ina ulinzi wake, mpangilio unaoitwa CV11, ukiweka muda hapo basi amri zikikatika kwenye reli injini inasimama yenyewe. Nilikuwa nimeweka! Lakini kwenye reli amri hazikukatika. Rimoti inaongea na boksi kuu kwa redio, boksi ndilo linatuma amri kwenye reli, na boksi lilikuwa linarudia ile amri ya mwisho lililoipata, nenda, nenda, nenda, wakati rimoti imeshapotea. Kilichokatika ni kati ya mkono wangu na boksi, na hapo hawakuweka ulinzi wowote. Na JMRI, programu ya kompyuta ya kuendesha treni ndogo, ya bure kabisa, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, ukiendesha kwa simu kupitia njia yake iitwayo WiThrottle inajua simu ikinyamaza sekunde kama 10 isimamishe treni. Ya bure hiyo. Mimi nimelipa pauni 200 na kitu.

Lakini hata hilo ningesamehe, vyombo huharibika. Kilichonichoma ni yule kijana wa kastama kea. Kwanza akasema ni wifi yangu, nibadilishe chaneli, nikamwambia nilishaibadilisha zamani. Akauliza, ni ya mtoto? Nikamwambia ni yangu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema bwana, kwenye mwongozo imeandikwa, mawasiliano yakipotea injini inaendelea na mwendo wake wa mwisho, kwa hivyo kifaa kiko sawa. Kiko sawa! Injini yangu iko mbele yangu vipande vipande kwenye sahani. Akamalizia, hata hivyo ni kitu cha kuchezea tu.

Hata pole hakusema. Sisi mtu akijikwaa barabarani unampa pole na si wewe uliyeweka jiwe.

Najua wengine mtasema ningekuwa na swichi ya kukata umeme pale mlangoni. Kweli kabisa, na sasa nimeiweka, ukiinua tu kile kipande reli za pande zote mbili zinakosa umeme futi tatu kabla ya shimo. Wekeni, hata kama rimoti yenu ni ya dhahabu. Hilo ni kosa langu nalibeba.

Na kuna jambo jingine, linaniuma kulisema. Siwezi kurudi kwenye kontrola ya waya. Zamani nilikuwa nasimama pale pale kama mbuzi wa kamba, treni ikienda upande wa pili siioni. Na hii rimoti ikishika vizuri unatembea nayo sambamba, unainama macho yawe usawa wa magurudumu, unaifungulia mwendo kidogo kidogo kwenye mlima. Babu alikuwa akisema kupandisha Mazeras injini unaisikiliza kwa nyayo, chuma kinakwambia. Mara ya kwanza nilivyotembea nayo hivyo nilimkumbuka mzee mpaka nikasimama. Hakuna kifaa kingine kimewahi kunipa hiyo. Kwa hilo tu, ile nyota moja niliyowapa mwanzo kwenye maoni ya wateja niliifuta nikaweka tatu, nikasema labda nimewaonea.

Halafu juzi wakanitumia imeili. Si pole, si fundi, si kuuliza injini imefikia wapi. Punguzo la asilimia 10 nikinunua rimoti ya pili.

Fito nimeinyoosha kwa koleo, tangi nimeliunga kwa gundi, Mount Gelai inatembea. Lakini kila gurudumu likizunguka kuna mkwaruzo, tk, tk, tk, haukuwepo. Nimeusikia leo asubuhi nikarudisha nyota moja.