Bustani tatu na goti la mama: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Mama alihamia kwangu mwaka jana baada ya kupasuliwa goti. Daktari alimwambia atembee kila siku, kidogo kidogo, asijifungie ndani. Nikaona hilo dogo, maana mtaani kwetu kuna maeneo matatu ya kijani ambayo mtu anayafikia kwa miguu: bustani kubwa ya mji, kibustani kilichobanwa katikati ya nyumba, na njia ya kando ya mto. Miaka yote nilikuwa nayapita tu nikiwahi kazini. Sasa nayajua kama ninavyolijua jiko langu, mpaka jiwe lipi linayumba.

Nianze na bustani kubwa kwa sababu ndiyo yenye jina. Kwenye picha inapendeza sana: nyasi zimekatwa zikalingana, maua yamepangwa kwa rangi, njia pana imesakafiwa vizuri, na katikati maji yanaruka juu na kumwagika. Kuingia ni bure. Siku ya kwanza tulifika saa nne asubuhi, tukatembea kama mita 200, mama akasimama, akaegemea mkongojo wake.

"Nitafutie pa kukaa, mwanangu."

Mabenchi yapo, tena si haba. Baadaye niliyahesabu: 14. Kati ya hayo, 11 yako juani, yamejipanga kando ya njia kuu kama askari wa gwaride, yanatazama yale maji. Yote ni ya chuma. Chuma kilichopigwa jua tangu asubuhi hakikaliki. Nilijaribu kukigusa kwa kiganja nikautoa mkono mbio. Na hatua 30 tu kutoka hapo kuna miti minne mikubwa, kivuli chake kizito, chini yake hakuna hata gogo. Kuna kibao: "Usikanyage nyasi." Basi mama akakaa kwenye ukingo wa saruji wa tuta la maua, nami nikasimama upande wa jua kumkinga.

Hili ndilo lalamiko langu kuu, na nitalirudia hata ukinichoka: aliyepanda miti na aliyeweka mabenchi hawakuwahi kuonana.

Wapo watakaosema kuna kibanda cha kupumzikia. Kipo, kimeezekwa bati, na saa saba mchana hakina mtu. Kivuli cha bati na kivuli cha mti ni vitu viwili. Bati linapata moto, kisha joto lile linakushukia kichwani. Mti nao unazuia jua, lakini hauishii hapo: majani yake yanatoa maji kama mvuke, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Ukikaa chini ya mti mkubwa dakika kumi, ngozi yako itakueleza zaidi ya mimi.

Niliwahi kusoma habari za Bryant Park ya New York, bustani ambayo kwa muda mrefu watu waliiogopa, hadi ilipofunguliwa upya mwaka 1992 ikiwa na viti vyepesi visivyofungiwa chini. Mtu anavuta kiti chake kufuata kivuli, au jua kama kuna baridi, au kusogea mbali na anayeongea kwa sauti kubwa kwenye simu. William H. Whyte, ambaye ushauri wake ulichangia mabadiliko hayo, alikuwa ametumia miaka akiwarekodi watu kwenye viwanja vya mji huo kwa kamera. Alichokiona ni kile alichokigundua mama kwa goti lake: watu hukaa mahali palipo na pa kukaa. Mimi sidai viti vya kuhamisha. Mabenchi matatu ya mbao chini ya ile miti minne yangetosha, na kile kibao king'olewe.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Vyoo vya bustani kubwa ni safi kuliko nilivyotarajia, kuna maji na sabuni, na mlango ni mpana, mtu mwenye mkongojo hahangaiki. Ila hufungwa saa kumi jioni, saa ambayo jua linapoa na watu ndio wanaanza kuingia. Sehemu ya watoto ina bembea nzuri na sakafu ya mpira ili mtoto akianguka asiumie. Wazo zuri, lakini mpira mweusi juani unashika joto kuliko nyasi. Mpwa wangu alivua viatu kwa furaha, akavivaa tena kabla sijamaliza kumwambia asivue.

Sasa kibustani. Ukipita haraka unaweza kudhani ni kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Hakifiki nusu ya uwanja wa mpira wa miguu. Nyasi zimejiotea zenyewe, hakuna maua ya kupangwa, na mabenchi ni mawili tu ya mbao, moja limepasuka ubao wa nyuma. Lakini yote mawili yako chini ya mti mmoja mpana ajabu, na kutoka mlangoni kwetu mama anafika bila kupumzika njiani. Wiki ya kwanza nilimsindikiza. Wiki ya tatu alikuwa ananiuliza kwa nini nachelewa kuvaa viatu. Pale ana watu wake: mzee mmoja mwenye redio ndogo, wasichana wawili wanaosomea mtihani, na mama mwenye mtoto mchanga anayelala kivulini tu, nyumbani hataki.

Mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, ana kanuni anayoiita 3-30-300: kila mtu aone angalau miti 3 akiwa nyumbani kwake, mtaa wake uwe umefunikwa na matawi ya miti kwa asilimia 30, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Kwa dirisha letu naona mti mmoja na nusu, huo wa nusu ukiwa wa jirani. Kwenye mita 300 kibustani kinafaulu. Bustani kubwa ingekaribia kufaulu kwenye ramani, ila ramani haina goti. Katikati yake na sisi kuna barabara ya magari manne manne isiyo na kivuko, na ukizunguka hadi penye taa umeshaongeza safari karibu mara mbili.

Kibustani nacho kina kidonda chake. Kabla hatujaanza kwenda, ilipandwa miche mitatu. Watu walikuja na kofia na fulana za kufanana, wakapiga picha, wakaondoka. Kila mche ulifungwa kwenye mti wa kuuegemeza kwa waya, na hakuna aliyerudi kuulegeza. Siku moja mama alikuwa anauchunguza mmoja, akaniita. Waya ulikuwa hauonekani tena. Shina lilikuwa limenenepa juu yake na chini yake, katikati likabanwa kama kiuno cha nyigu, na gome lilikuwa linaumeza waya. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda kwenye mizizi kikipitia ndani ya gome. Ukilibana pande zote, mizizi inakufa njaa huku majani juu bado yanang'aa, na wewe unapita ukisema mti una afya.

Niliripoti ofisi inayohusika. Nikapewa namba. Nilirudi mara mbili, namba ikawa ile ile. Katikati ya kusubiri, upepo wa usiku mmoja ukaukata mche wa kwanza, na ulikatika palepale kwenye waya, safi kana kwamba umepigwa msumeno. Asubuhi yake mzee wa redio alikuja na koleo mfukoni. Hakusema kitu. Tulikata waya wa miche miwili iliyobaki, mama akishika shina lisitikisike, tukafunga upya kwa kitambaa kipana cha shuka kuukuu, kwa kulegeza. Mmoja umechipua vizuri. Mwingine una kovu la duara ambalo sidhani litafutika, lakini unaishi. Namba yangu ya ofisini bado ninayo.

Njia ya mto siwezi kuisemea sana kwa sababu mama hajaenda, na ikinyesha mvua hata mimi siendi. Udongo wake unateleza kama sabuni. Alfajiri ni nzuri, kuna ndege wengi kuliko bustani kubwa. Shida ni vichaka. Vimeota pande zote mbili kupita kimo cha mtu, na njia inakata kona kila baada ya hatua chache, huoni nani yuko mbele. Dada yangu alipita mara moja akasema harudi peke yake, na simlaumu. Wala sisemi vifyekwe vyote, maana hao ndege wanaishi humo. Vya kando ya njia vikatwe visizidi kiuno, matawi ya miti yaanze juu ya kichwa, macho yapate pa kupita. Siku mbili za kazi, panga na mkasi wa miti.

Kwa anayetaka kwenda na mzazi au mgonjwa: bustani kubwa nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, mwingie kwa lango dogo la nyuma ambako yako yale mabenchi matatu yasiyo juani, na mbebe kitu cha kukalia kwa sababu chuma asubuhi ni baridi vilevile. Kibustani nendeni saa yoyote, ila msikae kwenye benchi la kushoto mkaegemea.

Nilipomwambia mama naandika haya akauliza watu huwa wanatoa maksi vipi. Nikamweleza habari ya nyota tano. Kibustani akakipa zote tano papo hapo. Bustani kubwa aliifikiria kidogo, akaipa mbili: moja ya maua, moja ya choo.

"Na mto?"

"Sijaufika, nitausemeaje?"