Miaka miwili na AeroPress: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu niliamini kahawa ya nyumbani lazima iwe chungu. Nilikuwa naichemsha kwenye sufuria, naichuja, ikikwaruza ulimi naongeza sukari. Baadaye nikahamia kwenye birika la kioo lenye chujio la waya, French press. Kahawa yake ni nzito, ina mafuta yake, na ninaipenda hadi leo. Ila mafunda mawili ya mwisho ni tope tupu, na kuliosha ni kazi, maana unga hunasa kwenye waya na uliobaki hukwama kwenye sinki.

Kisha nikapata AeroPress, kifaa cha mkono cha kupikia kahawa. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni bomba kubwa la sindano. Ina silinda ya plastiki, mchi wenye mpira mwishoni unaoingia humo ndani, na kifuniko chenye matundu kinachoshika karatasi ya duara ya kuchujia. Aliibuni Mmarekani Alan Adler, yule aliyebuni pete ya kurusha ya Aerobie, na ikaingia sokoni mwaka 2005. Nafikiri ndiyo maana imekaa kihandisi zaidi kuliko kijikoni.

Mimi huitumia hivi. Napima gramu 15 za buni, nazisaga zikaribie chumvi ya mezani. Nalowesha karatasi kwa maji ya moto, nakaza kifuniko, nasimamisha silinda juu ya kikombe kizito. Unga ndani, kisha maji mililita 200, nakoroga kwa sekunde 10. Muda huo wote matone yanadondoka kikombeni. Nikishaingiza mchi mdomoni mwa silinda tu, bila kuusukuma, matone yanakata, kwa sababu hewa haina pa kuingilia kwa juu. Nangoja dakika moja na nusu, halafu nasukuma kwa uzito wa mkono, taratibu, kama nusu dakika. Ikianza kulia "ssss" naacha hapo hapo. Wengine hukamua hadi mwisho. Mimi nimejaribu, na naona kikombe kinaharibika.

Lakini kilichonibadilishia kahawa ni joto la maji. Wiki za kwanza nilimimina maji yanayotokota juu ya buni zilizokaangwa hadi kuwa nyeusi, nikawa napata uchungu ule ule wa sufuria. Kumbe Adler mwenyewe alikuwa anashauri maji ya nyuzi 80 hivi. Asubuhi moja nikapika vikombe viwili kwa buni zile zile, kimoja kwa maji yaliyotoka kuchemka, kingine kwa maji ya nyuzi 82. Cha kwanza kilibana koo. Cha pili kilikuwa na utamu kama wa sukari iliyoungua kidogo, na nilikimaliza bila kuongeza chochote. Tangu siku hiyo sukari sijaigusa. Buni zilizokaangwa kidogo ni habari nyingine: hizo nazipa nyuzi 90 na zaidi, la sivyo kahawa inakuwa chachu na nyepesi.

Kuna wanaoigeuza juu chini, wakaijaza, kisha wakaipindua juu ya kikombe ili isidondoke mapema. Nilifanya hivyo mpaka siku mchi ulipochomoka nikiwa napindua, maji yakaniunguza kidole gumba. Sirudii. Mchi ukiwekwa mapema unazuia matone vile vile.

Usafi ndipo inaposhinda birika la kioo kwa mbali. Fungua kifuniko, sukuma, machicha yanatoka yameshikana kama kidonge, suuza mpira, umemaliza. Usiuache mchi umekaa katikati ya silinda usiku kucha, mpira hubanwa ukapoteza umbo. Uchomoe, au usukume hadi utokeze upande wa pili. Na kwa anayeangalia lehemu (kolesteroli) mwilini, karatasi huzuia sehemu kubwa ya kafestoli, ile iliyomo kwenye mafuta ya kahawa inayopandisha lehemu. Chujio la waya huipitisha.

Hutoa kikombe kimoja kwa mara moja. Wageni wakiwa watatu narudi kwenye birika la kioo, sisumbuki. Na kama una pesa ya kitu kimoja tu na buni zako unanunua zimeshasagwa, ningekuambia uanze na mashine ya kusagia ya mkono. Nilipoipata yangu, harufu iliyojaa jikoni siku ile ya kwanza sikuwa nimewahi kuisikia kwenye unga wa pakiti.

Boksi langu lilikuja na karatasi 350. Kila moja naisuuza, naibandika ukutani mwa sinki ikauke, naitumia mara tatu. Napika kikombe kimoja kila siku, na bado zimebaki za kutosha.